Samaki mmoja, hukumu mbili: mapitio ya maandiko kwa mwanafunzi wa sayansi wa Bukavu

Mwaka 1983 Spliethoff na wenzake waliandika kwamba kuletwa kwa sambaza, samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, katika Ziwa Kivu kulikuwa mafanikio. Miaka mitatu baadaye Henri Dumont, mtaalamu wa viumbe vya majini kutoka Ubelgiji, akaandika juu ya samaki yuleyule katika ziwa lilelile, na kichwa cha makala yake kikauliza kama hilo si janga jingine la ikolojia kwa Afrika. Mwanafunzi wa biolojia anayeandaa TFC (kazi ya mwisho wa mzunguko wa masomo) juu ya uvuvi wa Kivu atazikuta makala zote mbili, pengine kwenye flashi ileile aliyopewa na wakubwa wa promosheni iliyopita, na atabaki akijiuliza amwamini nani.

Wengi hawalijibu swali hilo. Aya ya kwanza wanaandika: Spliethoff na wenzake (1983) wanasema hivi. Aya ya pili: Dumont (1986) anasema hivi. Aya ya tatu, mwingine anasema vingine. Kurasa kumi na tano zinajaa, waandishi wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kama watu kwenye foleni ya maji, kila mmoja na bidoni yake, hakuna anayemsemesha mwenziwe. Kisha sura inafungwa, inaanza sura ya vifaa na mbinu, na msomaji hajui kama sambaza aliliponya ziwa au aliliharibu. Siku ya kutetea kazi, swali la kwanza la jopo linatua hapohapo.

Mapitio ya maandiko, sura ile tunayoizoea kwa jina la «revue de la littérature», ni utafiti kamili. Kinachoutofautisha na ule wa maabara ni kwamba data zake ni makala za watu waliotangulia. Aliye ziwani hachoti maji popote mkono unapofika na kuyaita sampuli. Anaeleza kituo, kina, saa na chombo. Anayepitia maandiko naye anadaiwa maelezo hayohayo: alitafuta wapi, kwa maneno gani, alichukua nini, aliacha nini na kwa sababu gani. Halafu anadaiwa jibu. Nasisitiza jibu kwa sababu ndilo linalokosekana katika kazi nyingi ninazozisoma. Muhtasari wa makala ishirini hauwi mapitio, hata ukiandikwa kwa Kifaransa safi.

Kwa sasa jambo hili lina uzito zaidi. Tangu vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kwenda kuchukua sampuli Kalehe au Idjwi kumekuwa jambo la kuombea, na kemikali za maabara zilikuwa ghali hata kabla ya hapo. Baadhi ya wasimamizi wanakubali mapitio yawe ndiyo kazi nzima ya mwisho wa mzunguko, si sura moja tu. Mwanafunzi akisikia hivyo hufurahi akidhani amepunguziwa mzigo. Hajapunguziwa. Amenyimwa tu mahali pa kujificha, maana hakuna sura ya matokeo itakayofunika udhaifu wa mapitio.

Swali kabla ya kompyuta

«Uchafuzi wa Ziwa Kivu» si swali. «Samaki wa Ziwa Kivu» pia si swali. Ni kabati zima. Mada za namna hiyo zinapendwa kwa sababu haziogopeshi, na zinamaliza miezi kwa sababu kila makala unayoiona inaonekana kukuhusu.

Linganisha na hili: kuletwa kwa sambaza kulibadilisha nini katika zooplanktoni (vijidudu vidogo vinavyoelea majini) ya Ziwa Kivu, kati ya miaka ya 1950 na leo? Ndani yake kuna kiumbe, kuna mahali, kuna kipindi, na kuna kitu kinachopimika. Makala ikija mkononi unajua baada ya dakika mbili kama ni yako au si yako. Ukitaka kujipima kama swali limekomaa, jaribu kutaja makala ambayo ungeikataa. Ukishindwa kutaja hata moja, swali bado ni pana.

Kuna mapitio ya simulizi, ambapo mwandishi anachagua makala kwa busara yake na kuzipanga kwa hoja, na kuna mapitio ya kimfumo, ambapo kila hatua ya kutafuta na kuchuja imewekwa wazi ili mtu mwingine aweze kuirudia. Hayo ya pili yana mwongozo unaojulikana kwa jina la PRISMA, uliotolewa 2009 na kuhuishwa kwa toleo la 2020, wenye orodha ya vipengele 27. Yakifanywa sawasawa huhitaji watu angalau wawili wanaochuja kila mmoja peke yake, na muda mrefu. Kwa mwanafunzi wa licence, ushauri wangu ni kuandika ya simulizi lakini kuazima nidhamu ya yale ya kimfumo: daftari la utafutaji. Tarehe, hazina uliyofungua, maneno uliyoandika, makala ngapi zilitokea, ngapi umechukua. Ni kazi ya dakika chache kila siku, na ndiyo itakayokuokoa mbele ya jopo.

Ziwa lenye majina mengi

Kutafuta ndiko kunakowachelewesha wanafunzi wetu, na kasi ya mtandao ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni historia ya nchi. Sayansi ya eneo hili imeandikwa kwa lugha nyingi na chini ya bendera zaidi ya moja. Anayeandika «Lac Kivu RDC» kwenye kisanduku cha kutafutia anapata sehemu ndogo tu ya kilichopo.

Jaribu majina ya zamani. Bukavu ilikuwa Costermansville, na Lubumbashi ilikuwa Elisabethville. Nchi iliitwa Congo belge, na kati ya 1971 na 1997 ikaitwa Zaïre. Upande wa pili wa ziwa ulikuwa Ruanda-Urundi. Hifadhi ya Virunga ilizaliwa 1925 kwa jina la Parc National Albert. Kituo cha Lwiro, kinachojulikana leo kama CRSN, kilitokana na IRSAC, taasisi ya utafiti ya enzi za ukoloni iliyoundwa 1947, na ripoti zake za miaka hiyo zimeorodheshwa kwa jina hilo la zamani. Wajerumani wanaliita ziwa letu Kivusee: tasnifu ya Klaus Tietze juu ya gesi ya Kivu, iliyotetewa Kiel mwaka 1978 na ambayo kila mtafiti wa methani anaitaja, iko kwa Kijerumani. Programu za kutafsiri zitakusaidia kuelewa majedwali yake. Usizitegemee kwa sentensi utakayoinukuu neno kwa neno.

Maneno ya nyumbani nayo yana kazi. «Mazuku», zile mbonyeo za ardhi zenye hewa ya kaboni dioksidi zinazoua mbuzi na watu pembeni mwa Goma na Sake, limeingia katika makala za kimataifa za volkano kama lilivyo. «Sambaza» na «ndagala» vilevile.

Tahadhari moja hapa. Mwaka 1960 Collart alichapisha, katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji, habari za vifaranga vya samaki walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Kichwa cha makala kinamtaja Stolothrissa tanganicae, yaani ndagala, yule tunayemnunua mkavu kutoka Uvira. Lakini aliyeota mizizi Kivu ni Limnothrissa miodon, huyu tunayemwita sambaza. Vifaranga vya aina hizo mbili vilichanganyika, na mmoja tu ndiye aliyestawi. Anayetafuta kwa jina la kisayansi la sambaza peke yake anaikosa makala ya msingi. Na anayeinukuu bila kuifungua anaweza kuandika kwa ujasiri kwamba Kivu imejaa Stolothrissa.

Kuhusu mahali pa kutafuta, Google Scholar inatosha kwa kuanzia, na kitu chake cha thamani ni kile kiungo kidogo chini ya kila makala kinachoonyesha nani ameinukuu. Kwa kiungo hicho unasonga mbele kwa miaka. Kwa orodha ya marejeo iliyo mwishoni mwa makala unarudi nyuma. Ukiipata makala moja nzuri, pande hizo mbili zitakupa zaidi ya utafutaji wa usiku mzima. Makala zinazodai malipo usizikimbie mara moja. Mpango wa Research4Life, wenye HINARI kwa afya, AGORA kwa kilimo na OARE kwa mazingira, unazifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida mengi bila malipo, ila neno la siri liko kwa mkutubi wa chuo, si kwako, nenda ukamwombe. Kuna AJOL kwa majarida ya Afrika. Makumbusho ya Tervuren na akademia ya Ubelgiji ya sayansi za ng'ambo zimeweka mtandaoni machapisho mengi ya zamani. Na kuna barua pepe kwa mwandishi: ujumbe wa mistari minne, jina lako, chuo chako, makala unayoitaka. Watafiti wengi hufurahi kuombwa, maana mara nyingi fedha unazodaiwa kwenye tovuti ya jarida haziwafikii wao.

Halafu kuna jambo ambalo mwanafunzi wa Bukavu analo na mwenzake wa Paris hana: baadhi ya waandishi wenyewe wako hapa. Utafiti wa 2006 juu ya zooplanktoni ya Kivu, wa Isumbisho na wenzake, ulifanywa na kundi lenye watu wa chuo cha ualimu cha ISP Bukavu. Lwiro ni safari ya siku moja kutoka mjini, na ina maktaba. Goma ina kituo cha uchunguzi wa volkano. Sielewi mwanafunzi anayemaliza mega zake akitafuta PDF ambayo nakala yake iko ndani ya kabati la ofisi ya mtu anayepita mbele yake kila asubuhi. Bisha hodi, salimia, sema «Prof, naomba dakika tano», na uwe umesoma kitu chake kimoja kabla ya kwenda.

TFC na memwari za waliotangulia zichukuliwe kama ramani. Zina data za hapahapa ambazo hazikuchapishwa kokote, na wakati mwingine ndizo data pekee za mto au kitongoji fulani. Zitumie ukiwa umeangalia mbinu zao kwa jicho kali, na kamwe usinakili mapitio yao. Ukinakili unarithi makosa yao pia, na makosa ya namna hiyo huzeeka pamoja na kitivo.

Kusoma ili kulinganisha

Usianze makala kwenye ukurasa wa kwanza na kuisukuma hadi wa mwisho. Anza na ikisiri, nenda kwenye grafu na majedwali, kisha mbinu. Mbinu, narudia. Mwanafunzi huiruka sehemu hiyo kwa sababu inachosha, wakati ndimo ugomvi mwingi wa kisayansi unamomalizikia.

Tazama gesi ya Kivu. Ziwa lina kina cha mita 485, na katika maji ya chini kumeyeyuka karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na karibu 60 za methani. Baada ya kilichotokea Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986, ambapo gesi iliyofoka usiku mmoja iliua watu wapatao 1,700, hakuna anayezungumzia namba hizo kwa utani. Mwaka 2005 Schmid na wenzake walilinganisha vipimo vyao na vile vya Tietze vya katikati ya miaka ya 1970, wakaona methani imeongezeka hadi asilimia 15, na kwamba kwa mwendo huo maji yangeweza kufikia ukomo wa kubeba gesi ndani ya karne hii. Habari hiyo ilienea, na bado inanukuliwa. Mwaka 2020 Bärenbold na wenzake, Schmid mwenyewe akiwa miongoni mwao, walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya kampeni ya 2018 iliyokutanisha mbinu kadhaa za kupimia, wakahitimisha kwamba viwango vya gesi viko karibu na hali ya kutobadilika, na kwamba hatari haiongezeki.

Mwanafunzi wa foleni ya bidoni ataandika aya mbili na kuendelea. Mwanafunzi mwenye swali atauliza: maji ya mita 400 chini yanapimwaje? Ukiyavuta juu, kanieneo inashuka, gesi inatoka kwa mapovu, na kipimo chako kinapungukiwa kabla hujafika juu. Kila timu ina njia yake ya kuzuia hilo, na kila njia ina kosa lake. Ongezeko linalotokana na kulinganisha vyombo viwili tofauti, vilivyotumika kwa miaka tofauti, linaweza kuwa ongezeko la kweli au tofauti ya vyombo. Ndiyo sababu kampeni ya 2018 iliweka mbinu pamoja. Kwa hiyo kauli ya 2005 na ya 2020 hazina uzito sawa katika mapitio yako, na ni wajibu wako kusema hivyo, kwa sababu za kipimo, si kwa sababu moja ni mpya. Makala mpya yenye mbinu dhaifu haishindi ya zamani yenye mbinu imara.

Wenzetu wa Lubumbashi wana mfano wao, nao unanipendeza zaidi. Mimea ya vilima vya shaba vya Katanga ilisifiwa miaka mingi kwa kubeba shaba na kobalti nyingi ajabu ndani ya majani. Baadaye watafiti wakaanza kuuliza jambo dogo: majani yalioshwaje kabla ya kupimwa? Vumbi la udongo wenye madini linapoganda juu ya jani, mashine inalihesabu kama madini ya ndani ya jani. Baadhi ya mimea iliyokuwa na sifa kubwa ikashuka hadhi. Kama unaandika juu ya mimea hiyo, safu moja ya jedwali lako lazima iwe ni «majani yalioshwa au hapana».

Jedwali ninalolisema ni hili: kila makala mstari mmoja, na safu za mwandishi na mwaka, mahali na kituo, kina, miaka ya data, mbinu, matokeo makuu, na mahali unapoitilia shaka. Excel inafaa, umeme ukikatwa, daftari la miraba linafaa pia. Zingatia kwamba mwaka wa data si mwaka wa makala. Kwa kupanga marejeo tumia programu ya Zotero, ni ya bure, ina Kifaransa na inafanya kazi bila mtandao. Jedwali likijaa, lisome kwa kushuka, safu kwa safu, usilisome kwa kwenda kulia. Ukishuka kwenye safu ya mahali ukakuta data nyingi za kusini mwa ziwa zimechukuliwa Ishungu, umejua jambo ambalo hakuna makala moja iliyokuambia.

Kuandika aya moja ya kweli

Sasa turudi kwa sambaza. Spliethoff na wenzake walimtazama samaki: je, amezoea, anazaliana, anavuliwa? Kwa swali hilo jibu ni ndiyo. Kabla ya 1959 maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula planktoni wa kuvuliwa kwa wingi, na leo wavuvi wa usiku na taa zao wanamtegemea yeye. Dumont alitazama chakula cha samaki huyo, akakilinganisha na orodha za zooplanktoni za miaka ya 1950, zilizotengenezwa kabla sambaza hajaja. Swali lao halikuwa moja, kwa hiyo ugomvi wao kwa sehemu kubwa si ugomvi. Mahali wanapogusana kweli ni kwenye utabiri, kwa maana Dumont alihofia samaki angemaliza chakula chake na uvuvi ungeanguka. Utabiri unaweza kupimwa na wakati.

Aya yake inaweza kuandikwa hivi:

«Kuletwa kwa Limnothrissa miodon mwaka 1959 kumehukumiwa kwa vigezo viwili. Waliopima samaki mwenyewe waliona mafanikio (Spliethoff na wenzake, 1983). Dumont (1986), aliyelinganisha zooplanktoni na hali ya kabla ya samaki, alionyesha kutoweka kwa kijikamba Daphnia curvirostris na akatabiri kuporomoka kwa uvuvi. Uvuvi haukuporomoka. Karibu nusu karne baada ya samaki kuletwa, Isumbisho na wenzake (2006) walikuta zooplanktoni inayotawaliwa na kopepodi (kundi jingine la vijikamba), ambayo wingi wake hupanda pale mwani unapoongezeka baada ya maji kuchanganyika wakati wa kiangazi. Hoja ya Dumont kuhusu aina iliyopotea inasimama. Utabiri wake kuhusu uvuvi hausimami.»

Hesabu majina: matatu. Hesabu hukumu: mbili, katika sentensi mbili za mwisho, nazo ni za mwandishi wa mapitio. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanasita. «Mimi nani wa kumhukumu Dumont?» Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, tumelelewa nalo, lakini huhukumu mtu, unapima dai kwa data zilizochapishwa, na yeye mwenyewe alikwisha kufanya hivyo kwa waliomtangulia. Lugha inaweza kubaki ya adabu. «Hausimami» ni adabu.

Panga sura kwa hoja: kwanza hali ya kabla ya samaki, kisha kuletwa kwake, kisha mabadiliko ya planktoni, kisha hali ya leo. Mwandishi mmoja anaweza kutokea katika sehemu tatu, na hilo ni dalili njema.

Kuna makosa madogo yanayogharimu alama nyingi. Ukiwa hujamfungua Collart bali umemkuta ndani ya makala ya mwingine, andika kwamba amenukuliwa na huyo mwingine. Ukikuta eneo la ziwa limeandikwa kilomita za mraba 2,370 hapa na 2,700 pale, usichague unayoipenda. Fuata kila namba hadi chanzo chake na uulize, pamoja na mengine, kama visiwa kama Idjwi vimehesabiwa ndani. Jarida linalokuomba fedha na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, bila wahakiki wanaojulikana, usilitegemee kama chanzo wala usilipelekee kazi yako.

Na programu za kuzungumza kama ChatGPT: zinafaa kukueleza dhana usiyoielewa au kunyoosha sentensi, lakini ukiziomba marejeo zinaweza kukutungia. Jina la mwandishi litakuwa la kweli, jarida la kweli, mwaka unaoingia akilini, na makala yenyewe haipo duniani. Kila rejeo lazima uwe umelifungua mwenyewe au angalau umehakiki namba yake ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala) kwenye doi.org. Mjumbe mmoja wa jopo mwenye simu mkononi anaweza kulibaini hilo wewe ukiwa bado unaeleza utangulizi.

Lini uache, na pengo ni nini

Wanafunzi huuliza makala ngapi zinatosha, na baadhi ya wasimamizi huwapa namba, thelathini au hamsini. Namba hiyo ichukue kama heshima kwa msimamizi. Kipimo cha kweli ni kingine: unapofungua makala mpya na kukuta kila anayenukuliwa ndani yake tayari yuko kwenye jedwali lako, umefika karibu. Kwa swali finyu hilo linaweza kutokea mapema kuliko unavyodhani. Kwa «uchafuzi wa Ziwa Kivu» halitatokea.

Pengo la maarifa ndilo linaloandikwa vibaya kuliko yote. «Hakuna utafiti uliofanywa juu ya mada hii Bukavu» ni sentensi ya hatari, kwanza kwa sababu mara nyingi si kweli, pili kwa sababu hata ikiwa kweli haielezi kwa nini tujali. Jaribu kulitoa pengo ndani ya jedwali. Data nyingi za zooplanktoni zimetoka maji ya wazi ya Ishungu. Ghuba ya Bukavu ina kina kifupi zaidi na inapokea maji machafu ya mji. Kwa hiyo hatuwezi kuchukulia kwamba uhusiano wa mwani na kopepodi ulioonekana Ishungu uko vilevile kule ghubani. Hilo ni pengo lenye anwani, na mwanafunzi wa mwaka ujao anaweza kuliendea na wavu wake.

Kabla ya kumpelekea asistanti rasimu, ongeza ukurasa mmoja wa mipaka ya kazi: hazina ulizofungua na zile zilizokataa, lugha ulizosoma na zile ulizotafsiriwa na programu, makala ulizozikosa na jinsi ulivyojaribu kuzipata, tarehe ya utafutaji wa mwisho. Wengine wanaona ni kujianika. Lakini mjumbe wa jopo atauliza kwa nini tasnifu ya Tietze inatajwa kupitia kwa mtu mwingine, na kumjibu «ukurasa wa 34, Prof, aya ya pili» ni rahisi kuliko kubuni jibu umesimama.